Kliniki ya Miezi ya Mwisho, Bonde la Rufiji

Mwaka 1979 nilipangiwa kazi katika zahanati ya kijiji kimoja cha bonde la Rufiji, upande wa kaskazini wa mto. Nilikuwa mkunga mpya kutoka chuoni, mzaliwa wa milima ya Uluguru, niliyezoea mito ya kuvuka kwa kurukia mawe. Vita vya Kagera vilikuwa vinaisha na nchi imeanza kufunga mkanda: sabuni kwa foleni, khanga kwa foleni, mafuta ya taa kwa bahati. Hospitali ya wilaya ilikuwa Utete, kusini ya mto, na daraja halikuwapo. Maji yakipungua unavuka kwa mtumbwi bila wasiwasi. Yakijaa, hasa mwezi wa nne na wa tano, unasimama ukingoni unaitazama ng'ambo.

Wakunga vijana niliofanya nao kazi kabla sijastaafu walipenda kuniuliza tulimhudumiaje mjamzito bila ultrasaundi, bila maabara, bila simu. Nilikuwa nikiwajibu kwamba mwili wa mama hutoa habari nyingi katika wiki za mwisho, na vifaa vya kuzipokea habari hizo vilikuwa vichache lakini tulikuwa navyo. Kilichotuumiza ni kile kilichofuata baada ya kuziona. Ndicho ninachotaka kukisimulia, sasa nikiwa bibi na kumbukumbu bado zi safi.

Wengi walikuja kliniki kwa mara ya kwanza mimba ikiwa imetimiza miezi mitano au sita. Mimba changa haikutangazwa. Ilifichwa chini ya khanga kwa kuogopa husuda na maneno ya watu. Kazi yetu kubwa basi ilikuwa miezi mitatu ya mwisho. Jambo la kwanza lilikuwa kujua mimba ina umri gani, na hapo chuo kilikuwa hakijanifundisha lolote la kunisaidia. Nilimwuliza mama, "Mara ya mwisho uliingia mwezini lini?" Akanijibu, "Mfungo sita, sista, Maulidi bado hayajasomwa." Mimi Mkatoliki wa Uluguru sikujua mfungo sita ni lini. Nikapata kalenda yenye tarehe zote mbili, za Kiislamu na za kawaida, nikaibandika ukutani karibu na meza ya kupimia. Mama anataja mfungo, mimi nafuata kwa kidole hadi kwenye tarehe ya kizungu, naongeza miezi tisa na siku saba, naandika kwenye kadi siku ya kutazamia. Wengine walihesabu kwa kazi za shamba: "Tulikuwa ndiyo tunapanda mlau," yaani kilimo cha maji yakishakauka bondeni. Ukiujua mwaka wa shamba ulivyo, nayo ni tarehe ya kutosha.

Kadi zile walizitunza sana. Zilifungwa kwenye pindo la khanga au zikawekwa kwenye mfuko wa nailoni na kuchomekwa kwenye makuti ya paa. Nimepokea kadi zenye harufu ya moshi, zenye alama za mafuta ya nazi, lakini iliyopotea ilikuwa nadra.

Kwenye benchi la nje, chini ya mwembe, ndiko nilikojifunza mambo ambayo vitabu huyataja kwa haraka. Wanawake wa mwezi wa nane walikaa wakiwa wameegemea nyuma, miguu wameinyoosha, wanahema ingawa hawakufanya kazi yoyote. Mji wa mimba wakati huo umefika karibu na chembe ya moyo na mapafu hayana nafasi ya kujaa. Chakula kidogo tu kinashibisha, na usiku kiungulia kinapanda hadi kooni. Damu ya mjamzito huongezeka karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo kabla, kwa hiyo moyo unasukuma mzigo mkubwa usiku na mchana. Mama akisema amechoka ilhali amelala, anasema kweli. Viungo vya nyonga vinalegea kujiandaa, mwendo unabadilika, kiuno kinauma. Mishipa ya miguu inatutumka, bawasiri inachomoza, mstari mweusi unashuka kutoka kitovuni, na chuchu zinaanza kudondosha dang'a, ambayo wakati ule wengi waliiona maziwa machafu ya kukamuliwa na kumwagwa. Tulipigana na imani hiyo kwa miaka mingi, kwa sababu dang'a ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto.

Halafu inafika wiki ya 36 au karibu yake, na kwa mwenye mimba ya kwanza kichwa cha mtoto kinashuka kwenye nyonga. Siku hiyo mama anakuja akitabasamu: anapumua hadi chini, anakula hadi anashiba. Lakini kichwa sasa kimekaa juu ya kibofu, na haja ndogo haimpi nafasi. Kwa wanawake wa mjini hiyo ni kero ndogo. Bondeni Rufiji choo kilikuwa nyuma ya nyumba, gizani, na simba wa Rufiji si wa hadithi. Mama alilazimika kumwamsha mume au wifi kila mara ili amsindikize na kibatari. Nilikuwa nawaambia wanaume waliokuja kuwachukua wake zao kwamba kuamshwa mara nne usiku ni sehemu ya kulea mimba, na wengi walikubali bila ubishi.

Kulikuwa na bibi mmoja, mkunga wa jadi, aliyezalisha karibu nusu ya kijiji. Alikuwa akija na mabinti zake na wajukuu zake kliniki, anakaa pembeni ananitazama. Siku za mwanzo nilimwamkia, "Shikamoo bibi," akaitikia, kisha akaitazama mikono yangu iliyotoka kwenye beseni la maji na kuniambia, "Mwanangu, mikono yako baridi. Mtoto atakukimbia." Nikaisugua hadi ikapata joto. Alikuwa sahihi kabisa: tumbo likiguswa na mkono wa baridi linakaza, na tumbo lililokaza halikuambii kitu. Tangu siku ile sikumgusa mama kabla sijapasha mikono yangu, na bibi yule akawa anawaleta wanawake mwenyewe, wakiwamo wale ambao mimi nisingewapata kwa mabango na mikutano. Kuna waliosema wakunga wa jadi walikuwa adui wa zahanati. Kwa niliyoyaona, huyo wetu alikuwa mlango wa zahanati.

Tulianza na uzito na presha. Mashine ya presha ilikuwa ya zebaki, na kitambaa chake cha mkononi kilikuwa kimechakaa, tukakifunga kwa bendeji. Nilikuwa natafuta namba isiyofika 140 juu na 90 chini. Kisha nabonyeza mfupa wa ugoko kwa kidole gumba na kuhesabu kimoyomoyo. Nikitoa kidole naangalia kama kimeacha shimo. Miguu kuvimba jioni baada ya kutembea ni jambo la kawaida mwezi wa tisa, karibu kila mama anavimba. Ila uso ukiamka umejaa asubuhi, na vidole vya mkono vikakataa kukunja, hapo nilikaa sawa kwenye kiti.

Baada ya presha ulikuja mkojo, na hapa lazima nikae kidogo, kwa sababu vijana wa leo wanachovya kijiti cha karatasi na kusoma rangi. Sisi tulipika. Mama anatoka nyuma na kikopo, mimi namimina mkojo kwenye kichupa chembamba cha kioo hadi theluthi mbili, nakishika kwa kibanio, naukaribisha moto wa taa ya spiriti sehemu ya juu tu. Unasubiri uchemke. Ukibaki mwangavu wa kuonekana ng'ambo, vema. Ukianza kufanya ukungu, unaongeza matone machache ya asidi ile iliyomo kwenye siki. Ukungu ukitoweka, ulikuwa chumvi za kawaida. Ukibaki, hiyo ni protini, na protini pamoja na presha ya juu ni onyo la kifafa cha mimba. Lakini Rufiji kulikuwa na tatizo lingine. Kichocho kilikuwa kimejaa bondeni, watu waliingia majini tangu utotoni, na mkojo wenye damu ya kichocho nao unaganda ukipikwa. Kwa hiyo ukungu peke yake haukutosha kunitisha. Nilirudi kwenye presha, nikarudi kwenye uso wa mama, nikauliza kuhusu kichwa na macho. Mambo matatu yakikubaliana, sikungoja la nne. Mkunga wa sehemu isiyo na kichocho asingelazimika kufikiri hivyo. Ardhi unayofanyia kazi ndiyo inayokufundisha kusoma kipimo.

Kisha kitandani. Nilimlaza mama chali kwa muda mfupi tu, maana mji wa mimba uliokomaa hulala juu ya mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, na mama anaweza kuzimia hapo hapo mbele yako. Nimewaona wakibadilika rangi ya midomo na kuanza kutokwa jasho. Unawageuza ubavu wa kushoto, na kabla hujamaliza kuwapepea wamerudi. Niliwafundisha walale hivyo hivyo nyumbani. Nilipima kimo cha tumbo kwa vidole kutoka kitovuni, nikatafuta mgongo wa mtoto upande mmoja na vijiguu upande mwingine, nikashika juu ya kinena kujua kilichotangulia ni kichwa au matako. Kichwa ni kigumu na kinacheza peke yake. Matako ni laini na yanavuta mwili mzima. Nikikuta amekingama mlalo wiki ya 37, mama huyo hana ruhusa ya kuzalia nyumbani, maana mtoto aliyekingama hatoki.

Ndipo unachukua kile chombo cha kusikilizia, cha mbao, umbo la tarumbeta, kilichobuniwa na Mfaransa Adolphe Pinard mwishoni mwa karne ya 19. Unaweka mdomo mpana juu ya mgongo wa mtoto, unaweka sikio upande wa pili, unaachia mkono. Mkono mmoja unashika mshipa wa mama kwenye kiwiko cha mkono wake, ili usije ukahesabu moyo wake ukadhani ni wa mtoto. Mwanzo husikii kitu zaidi ya mvumo wa damu ya mama. Halafu, mbali, unasikia mapigo ya haraka, kama saa ya mkononi iliyofunikwa na mto, 120 hadi 160 kwa dakika. Nilikuwa napenda kumwita mume, kama yupo, aweke sikio. Mmoja wao, mvuvi wa kambale, alisikiliza, akainuka, akatoka nje bila kusema neno, na wiki iliyofuata alikuja mwenyewe na mkewe kabla ya jua kupanda.

Damu ndiyo ilikuwa vita yetu ya kila siku. Malaria na safura ziliwanyonya wanawake wa bonde hata kabla hawajashika mimba. Tulichoma kidole, tukadondosha tone kwenye karatasi maalumu, tukalinganisha wekundu wake na rangi zilizochapwa kwenye kijitabu. Ilikuwa njia ya kubahatisha, lakini ukichanganya na kuangalia ndani ya kope na viganja, ulijua nani atastahimili kupoteza damu siku ya kujifungua na nani hatastahimili. Tulitoa vidonge vya kuongeza damu, sindano ya pepopunda, na klorokwini kila wiki. Klorokwini iliwawasha. Mama alimeza mchana, usiku akajikuna hadi asubuhi, na wiki ijayo alificha kidonge chini ya ulimi na kukitema nje ya geti. Sikuwalaumu. Tuliweka mtungi wa maji mlangoni wakimeza mbele yetu, tukawaeleza kwamba malaria ya mimba inamdumaza mtoto tumboni na kuharibu mimba, na wapo waliovumilia muwasho huo hadi mwisho kwa ajili ya mtoto tu. Chakula nacho kilikuwa na miiko. Yai lilikatazwa kwa madai kuwa mtoto atazaliwa hana nywele, wakati kuku walikuwa wakizunguka kila ua.

Ratiba tuliyofundishwa ilikuwa hii: kila mwezi hadi wiki ya 28, kila baada ya wiki mbili hadi wiki ya 36, kisha kila wiki hadi kujifungua. Mzizi wake ni mwongozo uliotolewa na wizara ya afya ya Uingereza mwaka 1929, nasi tukairithi. Mama wa London alipanda basi. Mama wa bondeni, wiki ileile ya 36, alikuwa juu ya dungu katikati ya mpunga analinda ndege na nguruwe, na akiondoka kwenda kliniki mavuno ya mwaka yanaliwa. Kwa hiyo wiki zile ambazo ratiba ilitaka tumwone mara nyingi kuliko zote ndizo wiki alizopotea. Nilisema hivyo kwenye vikao vya wilaya, tukakubaliwa angalau kutembelea madungu kwa mtumbwi pale maji yaliporuhusu, na mashine ya presha tukaifunga kwenye nailoni.

Kadi pia ilitufundisha kuwagawa wanawake: mwenye mimba ya kwanza, mwenye mimba nyingi, mfupi chini ya sentimita 150, aliyewahi kupasuliwa, mwenye mapacha. Hao tuliwaandikia wakazalie Utete, wakangojee huko wiki za mwisho. Wengine walibaki. Mgawanyo huo ulisaidia baadhi, lakini ulikuwa na kasoro kubwa: asiye na alama alirudi nyumbani akiamini yu salama, na ndugu zake waliamini hivyo pia.

Masika ya mwaka 1982 alikuwapo mama wa watoto wawili, aliyezaa mara zote mbili bila taabu. Mrefu, damu yake nzuri, presha 110 kwa 70 wiki ya 34, mkojo safi. Kadi yake haikuwa na alama hata moja. Akaenda zake dunguni na mumewe. Jioni moja wiki kadhaa baadaye aliletwa na wifi yake. Nakumbuka maneno ya wifi yule kuliko nakumbuka sura yake: "Sista, wifi yangu kanenepa kwa siku mbili. Bangili hazitoki." Nilitazama mikono. Bangili za mkono wa kushoto zilikuwa zimezama kwenye nyama. Uso ulikuwa umejaa hadi macho yamekuwa membamba. Alisema kichwa kinamgonga tangu jana, chembe inamkaba, na mbele ya macho anaona vimulimuli. Nyumbani mama mkwe alikuwa amefurahi, akisema mvimbo ule ni dalili ya mtoto wa kiume mwenye nguvu. Presha ilikuwa 160 kwa 110. Mkojo sikuhitaji siki. Ulichemka ukaganda mweupe wote.

Mto ulikuwa umejaa na jua linazama. Wanaume wawili wenye mitumbwi walikataa, na walikuwa na haki ya kuogopa, kwa kuwa viboko husogea kando jioni na mkondo wa masika unabeba magogo. Wa tatu alikuwa mzee wa makamo ya baba yangu. Aliuliza jambo moja tu, kama mama ana uhai. Nikamwambia anao sasa, sijui usiku wa manane. Akachukua pondo. Tulimlaza mama ubavu wa kushoto juu ya mkeka, wifi yake kashika kichwa, mimi nimekaa miguuni na sindano ya diazepam, ya kutuliza kifafa, tayari ndani ya kopo. Tulipofika katikati ya mto alishikwa na kifafa. Mwili ulikakamaa kisha ukaanza kurusha, mtumbwi ukayumba, mzee akapiga magoti akauzuia kwa uzito wake. Nilimchoma sindano pajani, nikamshikilia alale ubavu asije akapaliwa na mate. Wifi alikuwa akisoma Yasini kwa sauti moja kutoka mwanzo hadi tunagusa mchanga.

Utete walimbeba kwa kitanda cha kamba. Usiku ule walimzalisha kwa upasuaji. Mtoto wa kiume alizaliwa akiwa ameshafariki. Mama alishikwa na kifafa mara nyingine mbili kabla ya alfajiri, akakaa siku kadhaa hajitambui, kisha akafumbua macho akaomba maji. Alipona. Mzee wa mtumbwi alikataa malipo.

Msimu uleule mwanamke mwingine, wa kijiji cha chini zaidi, alishikwa na kifafa hichohicho. Familia ilidhani ni shetani, wakampeleka kwa mganga apungwe. Habari zake tulizipata alipokwisha kuzikwa. Sikuwa nimewahi kumwona kliniki hata mara moja, na mume wake alipokuja kuniuliza kama ningeweza kumsaidia, nilimweleza ukweli wote: kifafa cha mimba si shetani, kinaanza na presha, kinaonekana kabla, na kuna dawa.

Mwaka 1987 uliitishwa mkutano Nairobi, ukazinduliwa mpango wa Uzazi Salama. Kwa mara ya kwanza wakubwa wa dunia walitaja hadharani kwamba wanawake wapatao nusu milioni wanakufa kila mwaka kwa ujauzito na uzazi. Kwetu hayakuwa mageni. Mwaka 1995 utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi kadhaa ulithibitisha kwamba magnesiamu salfeti huzuia kifafa kujirudia vizuri zaidi kuliko diazepam tuliyokuwa tukitumia. Dawa hiyo ni ya bei nafuu na ilikuwa inajulikana miongo mingi nyuma. Nikikumbuka usiku ule wa mtoni, hilo linaniuma hadi leo.

Mengine yalibadilika pia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 tuliletewa mpango wa mahudhurio manne yenye kazi mahususi, na ule mtindo wa kuwagawa wenye alama na wasio na alama ukaachwa. Tukaambiwa kila mimba inaweza kupata hatari, na kila familia ijiandae: fedha, usafiri, mtu wa kuchangia damu. Nilifurahi kusikia kwa lugha ya kitabu kile ambacho bangili za mama yule zilikuwa zimetuonyesha. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani likapandisha hadi mara nane, tano kati ya hizo zikiwa miezi mitatu ya mwisho, kwa sababu ilionekana manne yanaacha pengo wakati ambao presha hupenda kupanda. Nakubaliana nalo kabisa. Mama anaweza kuwa mzima wiki ya 34 na kuwa mahututi wiki ya 37.

Mto nao ulipata daraja: la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003 pale Ndundu, na magari yakaacha kungoja kivuko. Siku hizi kuna mpango wa m-mama, unapiga 115 bila malipo na gari, hata la mtu binafsi aliyesajiliwa jirani, linakuja kumchukua mjamzito au mzazi aliyepata dharura. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 na 2016 ulikadiria vifo 556 vya wazazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ukakadiria 104. Naziamini namba hizo kwa sababu nimeishi pande zote mbili zake. Naamini pia kwamba 104 bado ni wanawake wanaokufa kwa mambo ambayo kipimo cha presha na gari la kuwahi vingewaokoa.

Wewe unayesoma haya, kama nyumbani kwako kuna mjamzito wa miezi ya mwisho, usimhesabie alizaa mara ngapi salama. Muulize kila asubuhi kama mtoto amecheza. Tazama uso wake na vidole vyake. Akikuambia kichwa kinamgonga, macho yanaona vimulimuli au chembe inamkaba, usimpe kidonge cha maumivu ukamwambia akalale. Akiona damu, hata bila maumivu, usingoje ikatike. Mtafutie usafiri saa hiyo hiyo, kadi yake mkononi, na umsindikize mwenyewe hadi apimwe presha.